Mahali Alipojifungulia Bobini

Pale Sogea, Tunduma, ukiulizia kwa Getruda utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia kwa Mama Brenda, fundi cherehani, na hata mtoto anayesukuma tairi atakunyooshea kidole: kule kwenye kibaraza cha bati, kwenye paka. Kwa miaka mingi mtaa haukuwa na jina jingine la kumwita, na yeye hakuwa na haja ya jingine.

Ndani ya chumba chake, nyuma ya mlango wa kibaraza, kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya bluu ambalo hakuruhusu mtu kulikalia. Wateja walipokosa kiti aliwapindulia ndoo, akaitandika kitambaa, akawaambia karibuni. Sanduku, hapana. Ndani yake mlikuwa na kitenge kimoja ambacho hakijaonja mkasi. Alikinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, siku Brenda alipofaulu kwenda sekondari. Mwuzaji alikitandaza juani akamwambia, "Bamayo, hiki hakichuji. Utakufa, chenyewe kitabaki." Getruda akacheka. "Sifi mpaka huyu aolewe," akasema, akimshika bega msichana aliyesimama pembeni yake na mfuko wa madaftari. "Nitakikata siku ya sendofu yake. Siku ya kumuaga nataka niingie ukumbini watu wageuke." Brenda alijifunika uso kwa aibu, lakini kwenye njia ya kurudi ndiye aliyekibeba kitenge, na hakutaka kupokewa.

Brenda hakutoka tumboni mwa Getruda. Alizaliwa na mdogo wake, Aida, huko kwao Iyula, msimu wa kuchuma kahawa. Kabla hajaachishwa ziwa, Aida alimleta Tunduma mgongoni, akamwambia dada yake, "Nishikie kidogo, navuka ng'ambo kutafuta." Kidogo hicho kilimaliza chekechea, kikamaliza msingi, kikamaliza sekondari na chuo cha uuguzi. Aida alikipata huko alichokitafuta: mume mwenye malori, nyumba yenye geti, watoto wengine. Alikuwa akija sikukuu, akileta biskuti na nguo zisizomtosha mtoto, kwa sababu kila mara alikisia umri wake akakosea. Getruda alizifumua akazishona upya. Mume wake mwenyewe alikuwa ameondoka zamani, akisema nyumba isiyo na kilio cha mtoto inamtia baridi. Mtoto alipoletwa, mume hakuwepo tena kumsikia akilia.

Brenda alipopata kazi Vwawa, alirudi siku moja na kikapu kilichokuwa kinanong'ona. Ndani mlikuwa na paka mdogo wa madoa meusi na meupe.

"Huyu akae badala yangu, mama. Usije ukazeeka unaongea na cherehani."

"Cherehani haiombi hela ya vocha," Getruda alimjibu, lakini mkono ulikuwa umeshaingia kikapuni.

Paka akakulia chini ya meza ya kushonea, akilala juu ya vipande vya vitambaa vilivyodondoka, akifukuza bobini za uzi zilizoanguka. Hivyo ndivyo alivyoitwa Bobini. Alikuwa mnyama wa adabu. Hakuiba, hakulia ovyo, na aliamini kwamba dunia nzima imetandikwa kitambaa kipya.

Mwaka huu, mahindi yalipoanza kuingia mjini na msimu wa harusi ukafunguka, Bobini akashika mimba. Hapo ndipo alipobadilika. Dagaa wa Mpulungu aliowapenda kuliko kitu chochote aliwala asubuhi, jioni akawageuzia mgongo. Alilamba ukuta wa jikoni palipobanduka plasta. Alimfuata Getruda kila hatua, hata chooni, akakaa nje ya mlango akimsubiri kama askari. Halafu akaanza kulia: sauti ndefu, nzito, ya kukwaruza moyo, mchana kweupe, bila mtu kumgusa.

"Huyo anataka udongo," alisema jirani yake Justina, aliyechangia naye ua wa matete. "Mnunulie ule wa sokoni. Mimi mimba ya Pendo nilikula kichuguu nusu, na mtoto katoka mzima."

"Katoka mzima lakini mbishi," Getruda akasema.

"Huo ubishi ni wa baba yake. Kichuguu hakina kosa."

Wakacheka pamoja, kila mmoja upande wake wa ua, kama walivyocheka miaka yote.

Kilio kilipozidi, Getruda alifunga kibaraza akaenda kwa Jofrey, kijana mwenye duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Kaunta ilikuwa imezungukwa na wafugaji waliopanda kutoka bondeni Momba kutafuta dawa ya kupe. Getruda alisimama pembeni na mtandio wake mpaka Jofrey alipomwona.

"Shikamoo mama. Kuku tena?"

"Marahaba. Si kuku. Paka."

Mzee mmoja mwenye fimbo aligeuka mzimamzima. "Paka naye anatibiwa?"

"Ana mimba," Getruda akajitetea.

"Haa! Basi usisahau kadi yake ya kliniki, mama!" Wenzake wakaangua kicheko. "Kwetu ng'ombe anaingia porini peke yake asubuhi, jioni anarudi na ndama. Hatumuulizi habari za njiani."

Jofrey naye alicheka, lakini aliuliza maswali yake vizuri. Anakula? Anahema mdomo wazi? Anatoka damu? Chuchu zikoje? Getruda alimjibu moja moja, akamaliza na lile lililomsumbua zaidi: "Nina sanduku langu. Anakaa juu yake, analikwaruza, analia. Nikimtoa anarudi."

"Huyo haumwi, mama. Amekaribia. Mpe maji safi, chakula kidogo kidogo, usimbinyebinye tumbo. Ukiona anasukuma muda mrefu na hakitoki kitu, nipigie nije. Hayo mengine yote ni kutafuta mahali. Mwekee boksi kwenye kona yenye giza." Alifikiri kidogo akaongeza, "Lakini usishangae akilikataa. Paka hatafuti pazuri. Anatafuta mahali ambapo watu hawapekui. Ukikuta mtu kaficha kitu chake hapo, paka naye atafika hapohapo."

Getruda alirudi na ushauri wake kama mtu aliyebeba mayai. Alitafuta boksi la sabuni, akalikata mlango upande mmoja, akalitandika vipande laini vya flana, akaliweka nyuma ya cherehani. Bobini aliinusa ile flana, akamtazama mwenyewe usoni, akaenda zake kukwaruza sanduku la bluu.

"Hapana," Getruda akamwambia, akimshusha taratibu, viganja vyake chini ya tumbo lile zito. "Hicho kitenge si chako, Bobini. Hicho kina mwenyewe."

Wakati huohuo mtaa nao ulikuwa unabadilika, na Getruda aliamini kabisa kwamba ni kwa sababu ya paka.

Kwanza kazi ilipungua. Msimu wa harusi, wakati ambao miaka mingine alishona mpaka vidole vikafa ganzi, wanawake wa mtaa walipita mbele ya kibaraza chake na mifuko wameibana kwapani, wakasalimu wakitazama barabarani, kwenye foleni ya malori, kana kwamba malori yale hawajapata kuyaona. Halafu kukawa na ile Alhamisi ya jumuiya, sala ilipokuwa nyumbani kwa Justina. Getruda alifika amechelewa kidogo. Kutoka nje alisikia sauti zimechangamka, mtu anabishana kuhusu rangi ya maua. Alipovuka kizingiti, maneno yakakatika kama uzi. Ketrina, mwenyekiti wao, akasema haraka, "Tuanze na wimbo." Hakuna aliyejua aanze upi.

Kesho yake Justina alimwita juu ya ua. "Paka wako jana kalia kutwa nzima kama mtoto wa mtu. Watu wanaongea, fundi."

Getruda alisikia mambo mawili katika sentensi ile. La kwanza, kwamba watu wanaongea. Alijua wanaongea nini: paka anayelia kama mtoto, nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake, mji huu una watu wepesi wa kuunganisha vitu. La pili lilikuwa neno la mwisho. Fundi. Justina alikuwa akimwita Mama Brenda tangu Pendo hajazaliwa.

Basi akafanya alichoona ni haki. Akakanda ngano, akachoma maandazi, akayafunga kwenye mifuko midogo, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. "Mnivumilie na huyu mnyama. Ni mimba tu. Akishajifungua atanyamaza." Wanawake waliyapokea maandazi kwa mikono miwili. "Hamna shida, dada," walisema. "Wala usijali." Hakuna aliyemkaribisha ndani. Ketrina peke yake ndiye aliyemshika mkono, akaushikilia, akaushikilia tena, kama mtu anayetoa pole msibani. Getruda alirudi nyumbani akijisemea kwamba majirani zake ni watu wema kuliko alivyostahili.

Jioni akampigia Brenda simu. "Mnyama wako atanifukuzia wateja."

"Mvumilie, ma... mvumilie kidogo. Anaendeleaje?"

"Analia. Anataka kuzalia kwenye sanduku lako."

Brenda akasema, "Mwezi huu nimebanwa sana kazini. Nitakuja mwezi ujao, tukae tuongee."

"Tuongee nini?"

"Mambo tu. Haya, usiku mwema, mama mkubwa."

Getruda alibaki ameishika simu. Mama mkubwa. Ni kweli, ndivyo ilivyo: dada wa mama yako mzazi, mkubwa wake, ni mama yako mkubwa. Hakuna kosa katika neno hilo. Pengine alikuwa na wageni, akajiambia. Pengine alikuwa na wenzake wa kazini wasioijua habari yao. Bobini alikuwa juu ya sanduku, anamwangalia. Akamshusha.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Bobini hakuwepo. Boksi la sabuni lilikuwa kama lilivyotandikwa. Getruda alitafuta chini ya kitanda, kwenye kuni, nyuma ya pipa la maji. Alichukua kisahani cha dagaa akatoka nje akikigonga kwa kijiko, akiita jina la kipande cha mashine katikati ya mtaa, na safari hii hakujali nani anaongea. Jofrey alikuwa amesema anaweza kusukuma muda mrefu asitoe kitu. Alimwona kichwani mwake amelala mahali peke yake, mdomo wazi.

Kwenye ua wa Justina alisimama. Kulikuwa na sauti. Haikuwa ya Bobini; ilikuwa nyembamba, ya kitu kilichoanza kuishi muda si mrefu.

"Hodi, mama Pendo. Paka wangu yuko kwako."

Justina alitoka na kanga ya jikoni, mikono ina unga. "Hayupo, shoga. Kwangu hayupo."

"Nasikia watoto."

"Labda panya. Stoo ina panya wengi."

"Panya wa kunyonya? Nipishe nimtazame tu. Huenda kakwama."

"Stoo ina vurugu, hata pa kukanyaga hakuna. Ngoja mimi nimwangalie nikuletee."

"Utamshika vibaya." Na Getruda, ambaye katika maisha yake yote hakupata kuingia chumba cha mtu bila kukaribishwa, alimpita Justina mlangoni.

Stoo ilikuwa nadhifu. Hicho ndicho kilichomshangaza kwanza. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa ukutani, na nyuma ya magunia, mahali ambapo mtu hawezi kupaona akisimama mlangoni, kulikuwa na boksi kubwa limefunguliwa juu. Bobini alikuwa ndani, amelala ubavu, macho yamelegea, na tumboni pake watoto wamejipanga wakinyonya, bado wana majimaji. Alikuwa mzima. Getruda alipiga magoti, akamsogezea kisahani, akamwambia hongera mwanangu, hongera sana, pole na kazi. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha.

Ndipo alipoona paka amelalia nini. Vilikuwa vitenge vipya, vimekunjwa, vyote vya rangi moja, kijani kibichi chenye maua ya dhahabu. Vya juu vilikuwa vimelowa damu ya uzazi. Aliinua macho. Kwenye msumari ukutani lilining'inia gauni la kitenge hichohicho, limeshashonwa, limevishwa nailoni, na kwa umbo lake lilikuwa la Justina.

"Sare," Getruda akasema.

Justina alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta unga usiofutika.

"Ya nini?"

"Ya... ya jumuiya."

"Na mimi niko jumuiya gani?"

Bobini alianza kula dagaa. Mambo yote ya wiki zile yalijipanga yenyewe, moja baada ya jingine: mifuko iliyobanwa kwapani, ubishi wa rangi ya maua, mkono wa Ketrina. Fundi. Dada. Mama mkubwa.

"Ni ya Brenda," Getruda akasema. Hakuwa anauliza.

"Jumamosi," Justina akasema, na alipoanza hakuweza kunyamaza. "Keshokutwa, ukumbi wa huku juu. Aida alikuja na mumewe, wakakaa na Ketrina, wakasema mtoto wao anaagwa na wangependa mtaa uliomlea ushiriki. Sisi tukajua wewe unajua. Baadaye ndipo tukaambiwa usiambiwe. Brenda mwenyewe alisema. Anaogopa mama wawili ukumbini, wakwe wasije wakachanganyikiwa, isije ikawa maneno. Tukaambiwa ipite kwanza. Ikishapita, tungekuletea keki."

"Keki."

"Tungekuletea, wallahi. Mimi mwenyewe nilishasema kipande cha Mama Brenda nitakibeba mimi."

"Niite Getruda," Getruda akasema. "Ndilo jina langu."

Justina aliangua kilio, na akilia akainama kuliendea boksi. "Ngoja basi nimtoe, hivi ni vya akina Ketrina, Jumamosi watajifunga nini..."

"Usiguse." Ilikuwa sauti ambayo Justina hakuwahi kuisikia. "Ukiwashika leo atawakimbia, au atawala. Waache."

"Na Ketrina atavaa nini?"

"Avae alichokuwa amevaa siku ile aliponishika mkono."

Tangu hapo Getruda aliingia stoo ya Justina kama mtu anayeingia wodini. Alikuja asubuhi na uji wa dagaa, akaja mchana na maji, akambadilishia Bobini kitambaa cha juu pale mwenyewe aliporuhusu, akawahesabu watoto kwa macho bila kuwagusa. Justina alimfungulia mlango akasimama pembeni. Mara moja tu Justina alisema, "Yule mdogo hapati ziwa vizuri," na Getruda akajibu, "Nimemwona."

Ijumaa alasiri pikipiki ilisimama mbele ya kibaraza. Brenda alishuka. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, mikono ina hina mpaka viwiko, na alitembea akiwa ameinyanyua hewani kidogo isiguse kitu.

"Shikamoo mama."

"Leo mama. Juzi nilikuwa mkubwa."

Brenda alitafuta pa kukaa. Alilitazama sanduku, akaacha, akakaa kwenye ndoo ya wateja.

"Sikutaka uumie."

"Ndiyo maana ukawaambia watu wote isipokuwa mimi. Ili niumie peke yangu."

"Sikiliza kwanza, mama. Wazazi wa mchumba wangu, Danford, ni watu wa Mbebe, wa milimani, watu wa utaratibu. Walipokuja kuuliza nyumbani kwetu ni wapi, mama Aida akasema waende kwake Nakonde. Wakapokelewa vizuri. Baba, mume wake, akasema mbele yao, binti huyu tumemlea kwa shida. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Sikusema kitu. Nilifikiri nitasahihisha siku nyingine. Siku nyingine ikaja, nikashindwa. Sasa ingeonekana nimewadanganya wakwe tangu mwanzo."

"Na mimi, waliambiwa ni nani?"

Brenda alitazama hina yake. "Dada yake mama. Anayeshona Tunduma."

Nje lori lilipiga honi, jingine likaitikia. Getruda aliokota uzi uliokuwa kwenye sketi yake, akauviringisha kidoleni.

"Njoo kesho," Brenda akasema. "Nimekuwekea nafasi. Meza ya ndugu, ya pili kutoka mbele. Nitafurahi, mama, Mungu anajua."

"Muda wa kutambulisha wazazi ukifika, nikiwa nimekaa hapo kwenye meza ya pili, utasemaje?"

"Nitasema... nitasema na huyu ni mama mkubwa, alisaidia kunilea."

"Nilisaidia."

"Nifanyeje sasa? Kadi zimeshatoka. Wageni wameshaanza kufika. Niambie nifanye nini."

Getruda alimtazama mtoto ambaye alimfundisha kushika kijiko, ambaye nguo za sikukuu alizifumua akazishona ili zimtoshe, na akaona kwamba anauliza ili aambiwe hakuna la kufanya. Akamwambia.

"Hakuna. Nenda, watu wanakungoja. Mimi nina mzazi wa kumwangalia."

"Bobini kazaa?" Uso wa Brenda ulifunguka ghafla, ukawa ule wa zamani. "Kazaa wangapi? Naomba nimwone."

"Kawaficha. Siku hizi hataki kuonwa na mtu asiyemzoea."

Brenda aliinuka. Mlangoni alisimama kama anayetaka kukumbatiwa, lakini hina ilikuwa bado mbichi, na hakuna aliyesogea.

Jumamosi spika zilianza mapema. Kutoka ukumbini kulisikika mtu anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili, halafu muziki. Kwa Justina kulikuwa na hekaheka: watu wanaingia stoo kuchukua sufuria na viti, wanapiga kelele, wanaburuta magunia. Halafu mtaa ukahama wote kuelekea ukumbini na kukabaki vumbi.

Getruda alifungua sanduku la bluu. Harufu ya kitambaa kipya ilipanda ileile, kana kwamba mwuzaji wa Nakonde amekikunja jana. Kweli hakikuchuja. Alichukua mkasi mkubwa. Alisimama nao. Alifikiria gauni la mtoto wa mteja, alifikiria foronya, alifikiria kukipasua tu, kwa sababu kitenge kizuri ukikianzia pembeni kinapasuka kwa mstari ulionyooka na sauti yake inatosha kuridhisha. Mkono haukwenda. Akaurudisha mkasi mezani, akakiacha kitenge kilivyo na mfuniko umeegemea ukuta, akakaa kwenye cherehani kumalizia kaptula ya shule ambayo mwenyewe alikuwa haidai kwa haraka.

Alikuwa anakanyaga upindo wa pili alipomwona Bobini anapita chini ya ua wa matete, kichwa juu, mdomoni amening'iniza mtoto. Kule stoo walikuwa wamemfunua. Alikatisha kibaraza bila kumtazama mtu, akalipita boksi la sabuni na flana zake laini, akaruka akaingia kwenye sanduku.

"Hicho si..." Getruda akaanza.

Bobini alikizunguka kitenge, akakikandakanda kwa miguu ya mbele, akamweka mtoto katikati, akatoka kwenda kumleta mwingine. Getruda aliendelea kushona. Kutoka ukumbini mshereheshaji alikuwa anaita wazazi wa bibi harusi wasimame, wapigiwe makofi, na makofi yakaja na upepo, mengi, ya muda mrefu. Bobini alipita na wa pili. Makofi yakaisha. Akapita na yule mdogo.

Jua likiwa bado lipo Justina alirudi, gauni la kijani limemkaa vibaya mabegani. Fundi aliyelishona, popote alipo, hakumpima vizuri. Hilo Getruda aliliona akalinyamazia. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Alisimama kwenye ukingo wa kibaraza.

"Hodi."

"Weka hapo."

Justina alikiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye nafasi ya wateja. Akachungulia ndani, akaona sanduku limefunguliwa, akaona kitenge alichokijua, maana mtaa mzima ulikuwa umesikia habari zake, akaona kilicholala juu yake. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Brenda kakikata mwenyewe hicho kipande," alisema. "Nilimwambia paka yuko salama. Kasema akija kuaga atachukua mtoto mmoja, akae naye huko kwa mume, amkumbuke mtu wa huku."

Getruda aliuma uzi kwa meno akaukata. Akaigeuza kaptula, akaukagua upindo.

"Mwambie hawa wana mama yao," akasema, na akaendelea kukanyaga cherehani.